Kijiti Kitatoka Baada ya Desemba

Msusi wangu ana miaka 31. Ndani ya mkono wake wa kushoto, juu ya kiwiko, chini ya ngozi, kuna kijiti cha uzazi wa mpango ambacho muda wake unaelekea ukingoni. Najua kilipo kwa sababu alinishikisha. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, saluni haijajaa, feni inazungusha joto lile lile, naye alikuwa amefika nusu ya kichwa changu aliposimamisha mikono, akazunguka mbele yangu na kupandisha mkono wa blauzi.

"Gusa hapo, dada. Umekisikia? Mama mkwe anasema nikakitoe. Anasema nikimzalia mwanawe atatulia."

Kidole changu kilikutana na kitu kigumu, chembamba, kama njiti ya kiberiti iliyopotea njia. Nikamuuliza huyo mwanawe ana nini cha kutulia. Akacheka, akarudi nyuma yangu, akashika kichana. Kwenye kioo nilimwona hacheki tena.

Mumewe ni fundi umeme, tena fundi kweli. Mtaa unampenda. Hajawahi kumpiga, hajawahi kulala nje, na ukimkuta mchana huwezi kujua lolote. Jioni yake inaanza saa kumi na moja kwenye grosari ya kona na inaisha saa ambayo yeye mwenyewe hawezi kuitaja. Asubuhi anazimua kidogo ili mikono iache kucheza, ndipo apande ngazi kwenye nyumba za watu. Mwaka ule alikuwa amepoteza kazi tatu, zote za Jumatatu.

Nilimwomba msusi ruhusa ya kuyaandika haya. Akanipa kwa masharti mawili: nisimtaje jina, na yasitoke gazetini mpaka Desemba iwe imepita. Nitaieleza hiyo Desemba.

Kwanza hilo neno, "atatulia". Sijui neno jingine la Kiswahili lililobebeshwa mzigo mzito hivi. Kijana akianza kunywa, ukoo unasema akioa atatulia. Akioa asitulie, inasemwa ni kwa sababu bado hajaitwa baba. Akizaliwa wa kwanza, na baba akazunguka baa tatu kumpongeza mtoto ambaye hajamshika bado, inasemwa huyu ni wa kike, subirini wa kiume. Dozi inaongezwa, mgonjwa hajapimwa. Nawajua akina mama wenye watoto wanne ambao kila mmoja wao, ukifuatilia vizuri, alitungwa kama dawa ya baba yake.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema ili asiyeutaka afungue ukurasa wa michezo. Mwanamke ambaye mwenza wake ametekwa na pombe ana haki ya kuchelewesha mimba mpaka aione nafuu kwa macho yake mwenyewe, kwa kipimo walichokubaliana, siyo kwa ahadi. Huko kuchelewesha ndiko kupanga uzazi kwenyewe. Tumekuwa tukikuita ukaidi.

Tatizo ni kwamba tuliupokea uzazi wa mpango kama habari ya mwanamke peke yake. Chama cha Uzazi na Malezi Bora Tanzania, UMATI, kipo tangu 1959. Sisi tuliokua miaka ya 1990 tunaikumbuka Nyota ya Kijani, nembo ya uzazi wa mpango, kwenye kuta za zahanati na redioni. Baada ya yote hayo, ukimwambia mtu mtaani "uzazi wa mpango" anaelewa sindano, vidonge, kitanzi, kijiti; yaani vitu vinavyoingia kwenye mwili wa mke. Mwanamume katika mpango huo ni mtu wa kuridhia tu. Amekubali, hajakubali. Hakuna anayeuliza mwili wake umejiandaaje.

Tazama kliniki ya wajawazito. Vituo vingi vinamtaka mama aje na mwenza wake hudhurio la kwanza, na asipokuwa naye wapo wanaomwambia alete barua ya serikali ya mtaa. Jambo hilo lina makosa yake, hasa kwa msichana aliyetelekezwa, ila lina faida: mwanamume anakaa kwenye benchi, anatolewa damu, anapimwa virusi vya UKIMWI na kaswende. Yuko pale, mkono umenyooshwa, na nesi ana kadi na kalamu. Swali la "baba, unakunywa kiasi gani?" halimo. Akitoka hapo anapitia grosari kutuliza mshtuko wa sindano.

Na lingeulizwa mapema zaidi, kabla ya kadi yenyewe, lingekuwa na maana zaidi. Mbegu za kiume hazitengenezwi usiku wa kuamkia safari. Kutengenezwa kwake ni kazi ya siku zipatazo 74, kisha zinahitaji wiki mbili hivi za kukomaa na kupita kwenye mirija. Ndiyo maana madaktari wa uzazi huzungumza juu ya miezi 3. Mbegu itakayotunga mimba ya Aprili ilianza safari Januari, na kama Januari yote ilikuwa ya chupa, ilianza safari ndani ya chupa. Ulevi wa muda mrefu unashusha homoni ya kiume, unasinyaza korodani, unapunguza idadi na nguvu ya mbegu, na ini likichoka homoni zinavurugika kiasi cha baadhi ya wanaume kuota matiti. Hilo la kushindwa kitandani sihitaji kulieleza. Vichekesho vyetu vinalieleza kila siku.

Vichekesho ndivyo vinavyonitia hasira. Miaka kadhaa iliyopita zilisambaa habari za Rombo, kule Kilimanjaro, kwamba wake za watu wanavuka mpaka kutafuta wanaume Kenya kwa kuwa waume zao pombe imewamaliza nguvu. Nchi nzima ilicheka. Wanasiasa walitupiana maneno kama heshima ya wanaume wa wilaya imechafuliwa au la. Sikumbuki kuona mwandishi akikaa na mmoja wa wanawake wale akamuuliza ametaka mtoto kwa miaka mingapi, na katika miaka hiyo nani aliitwa mgumba. Maana mtu huyo tunamjua. Neno hilo kwenye kamusi halina jinsia, lakini likitamkwa mtaani macho yote yanamgeukia mwanamke. Kwa waganga anapelekwa yeye, na kwenye maombi anawekewa mikono yeye, ilhali wataalamu wanasema mwanamume ana mchango katika karibu nusu ya kesi za wenza wanaoshindwa kupata mtoto. Kipimo cha mbegu kinahitaji kikopo tu na mlango unaofungika.

Vipi kuhusu mtoto mwenyewe akishatungwa? Mwaka 1968 daktari Mfaransa, Paul Lemoine wa Nantes, alichapisha maelezo ya watoto 127 waliofanana kwa namna ya ajabu: nyuso zao, udogo wao, ukuaji wao wa taabu. Miaka 5 baadaye, 1973, Kenneth Jones na David Smith huko Seattle waliipa hali ile jina lake la kitabibu, na dunia ikajua kwamba pombe anayokunywa mjamzito inavuka kondo la nyuma na kumfikia mtoto, na kwamba hakuna kiasi kilichothibitishwa kuwa salama. Wanaotaka kuona jambo hilo likiwa janga la jamii watazame mashamba ya mizabibu ya Western Cape, Afrika Kusini, ambako vibarua walizoeshwa kwa vizazi kulipwa sehemu ya ujira kwa mvinyo. Viwango vya watoto wenye athari hizo vilivyopimwa huko ni kati ya vya juu kabisa duniani.

Kinachonivutia zaidi ni kichwa cha andiko la Lemoine. Aliandika kuhusu watoto wa "wazazi" walevi. Katika miongo iliyofuata neno hilo lilisinyaa likabaki "mama". Sababu ilikuwepo, kwani pombe ya mama humfikia mtoto moja kwa moja, na onyo kwa wajawazito halipaswi kulegezwa hata chembe. Lakini baba alipotolewa kwenye sentensi alitoka mazima. Ni miaka ya karibuni tu watafiti wameanza kumrudisha. Mwaka 2021 wanasayansi wa China walichapisha matokeo ya kufuatilia wenza zaidi ya nusu milioni waliokuwa wakijiandaa kupata mtoto, wakaona kasoro za kuzaliwa zikijitokeza zaidi pale baba alipokuwa mnywaji kabla ya mimba. Huko Texas majaribio ya panya yanaonyesha pombe ya dume pekee inaweza kugusa umbo la uso wa watoto. Panya si binadamu, na uhusiano katika takwimu si hukumu. Mjadala uko wazi. Ila mwanamume anayesema "mimi siyo ninayebeba mimba" anasema jambo ambalo sayansi inazidi kuacha kumuunga mkono.

Kuna njia nyingine ambayo pombe ya baba inamfikia mtoto, na hii haihitaji maabara. Inapita kwa mama. Nimewaona wanawake wasiopenda baa wanaokwenda huko na waume zao. Wanakwenda kulinda: kulinda pochi, kulinda simu, kulinda njia ya kurudi, kumlinda na mhudumu. Huwezi kukaa saa nne na soda moja, meza itakununia. Unaagiza moja, unaagiza ya pili. Hedhi ikichelewa wiki mbili hujui bado kama una mimba, na wiki hizo hizo ndipo uti wa mgongo na ubongo wa mtoto vinapojifunga, kazi ambayo hukamilika siku ya 28 hivi tangu kutungwa. Ndiyo maana mwanamke anayepanga hushauriwa kuanza vidonge vya foliki, mikrogramu 400 kwa siku, walau mwezi mmoja kabla, kuepuka watoto wenye mgongo wazi na kichwa kikubwa. Vile vidonge vya kliniki vinavyotolewa mwezi wa nne wa mimba ni vya damu zaidi, kwa hilo la mgongo vimeshachelewa. Sasa nani nyumbani mwa mlevi ana utulivu wa kukumbuka kidonge kwa ajili ya mtoto ambaye hata mimba yake bado? Pale anayepangiwa kila kitu ni baba. Kama atarudi, saa ngapi, na kama amebakiza hela ya gesi.

Hela nisiizungumze sana, kila mwenye nyumba anaijua. Tuseme chupa nne kwa jioni, 2,000 kila moja, bila nyama choma na bila kununulia marafiki. Ni 240,000 kwa mwezi. Katika miezi 9 ni 2,160,000. Msusi wangu alizipiga hizo hesabu kwa kikokotoo cha simu huku mafuta ya nywele yakidondoka kwenye kioo chake, akasema, "Kumbe tunakunywa kitanda cha mtoto na wodi ya kulipia."

Alisema "tunakunywa". Sikumsahihisha.

Nilipomsimulia shangazi yangu kwamba naandika habari hii, alinijibu kwa swali ambalo nilijua litakuja. "Mwanangu, na wewe baba yako hakuwa ananywa? Mbona ulizaliwa, ukasoma, leo unaandika gazetini?" Hoja nzito, na sina ujanja wa kuikwepa. Nilizaliwa Moshi kwenye nyumba ya mbege. Nimechekecha ulezi kwa mikono hii, nimeona magome ya msesewe yakitwangwa, najua pombe ya ndizi iliyoiva kwa harufu kabla sijaiona. Kwetu bila mbege hakuna posa, hakuna tambiko, hakuna kusuluhishana shamba. Sikatai kitu hicho, wala siiti kila kata ya mbege ulevi.

Lakini nitamwambia shangazi jambo ambalo sikuwahi kumwambia. Baba alipokuwa anarudi usiku, mimi na kaka zangu tulikuwa tunakijua kiasi alichokunywa kwa komeo la geti. Komeo likifunguka mara moja, tunaendelea kulala. Likihangaika kidogo, tunanyamaza. Likigongwa-gongwa likakataa, mama alikuwa anazima taa ya jikoni na sisi tunavuta shuka. Hakuwa mkali kila mara. Wakati mwingine alikuja akaimba. Lakini sikio la mtoto halijui mapema kama usiku wa leo ni wa kuimba. Leo nina miaka 46, naishi ghorofani kwenye jengo lisilo na geti la komeo, na chuma kikigonga chuma usiku bado naamka. Ndiyo, shangazi, nilizaliwa. Nikasoma pia.

Tafiti za kitaifa za demografia na afya zimekuwa zikiieleza hofu hiyo ya nyumbani kwa lugha yao kavu: wanawake ambao waume zao hulewa mara kwa mara ndio wanaotaja zaidi kupigwa na kudhalilishwa. Mimba haizuii hilo. Sheria ya Ndoa ya 1971 inamkataza mwenza kumwadhibu mwenzake kwa kumpiga, na inampa mume wajibu wa matunzo, na ndoa ikifika pabaya baraza la usuluhishi la ndoa lipo kwenye kata. Lakini mwanamke kama msusi wangu atakwenda kushtaki nini? Hajapigwa. Hajafukuzwa. Mumewe amelewa tu, na kulewa siyo kosa, ni tabia ya watu wazuri waliochoka. Pwani na Visiwani hali ni ngumu kwa upande mwingine. Pale ambapo pombe ni haramu mke hana hata jina la kuliita tatizo mbele za watu. Mume "anaumwa tumbo", mume "ana majini", na siri ile inalindwa na mke mwenyewe, kwa sababu aibu ikitoka itaanzia kwake.

Sasa afanye nini? Nimeulizwa hivyo na wasomaji kila mara nilipogusia pombe, na kwa kawaida huwa najificha kwenye maneno ya jumla. Leo sitajificha.

Kwanza, aache kumtilia dawa kwenye chai. Najua inafanyika. Zipo dawa halali za kumsaidia mtu kuacha pombe, na moja ya kongwe, disulfiram, iligunduliwa faida yake Denmark miaka ya 1940. Ukiinywa kisha ukanywa pombe, mwili unakugeuka: unatapika, moyo unakwenda mbio, shinikizo la damu linaporomoka. Ni dawa ya mtu anayejua amepewa nini na aliyekubali. Mwanamume asiyejua, aliyewekewa kwenye supu na mkewe mwenye upendo, anaweza kufia grosari. Na zile chupa zisizo na lebo zinazouzwa kwa siri kwamba "hata harufu hatajua", hizo hata aliyezitengeneza simwamini kama anajua kilichomo.

Pili, na hili watu wachache wanalijua, mtu anayezimua asubuhi asiambiwe aache ghafla leo hii nyumbani ili kuthibitisha mapenzi. Mwili uliozoea pombe kila siku ukinyimwa ghafla unaweza kuleta jasho, kutetemeka, degedege, kuona vitu visivyokuwepo, na kifo. Hatari zaidi iko katika siku mbili tatu za kwanza. Mtu huyo aende hospitali aseme ukweli. Shirika la Afya Duniani lina hojaji ya maswali 10 tu, inayotumika tangu 1989, inayouliza mambo kama mara ngapi umeshindwa kusimama ukishaanza, na kama unahitaji kinywaji asubuhi ili siku ianze. Inajazwa kwa dakika chache. Sijui kwa nini haipo kwenye kila zahanati kando ya mizani.

Pengine najua. Mwaka 2011 Hospitali ya Muhimbili ilianza kutoa methadoni kwa watumiaji wa heroini, jambo la ujasiri kwa nchi yetu, na taratibu tulianza kumwona teja kama mgonjwa. Mlevi hajapandishwa cheo hicho. Yeye bado ni mchekeshaji wa mtaa, au ni mtenda dhambi. Mwaka 2017, tarehe 1 Machi, serikali ilipiga marufuku viroba, ile pombe kali ya vipakiti iliyokuwa inamaliza vijana wa bodaboda, na ilifanya vizuri. Kisha vikaja vichupa vidogo vinavyoenea mfukoni. Tulizuia kipakiti, mtu aliyekuwa anakifyonza hatukumuuliza anaendeleaje.

Wapo wanaoacha kwa kuokoka. Nawaheshimu. Katika wanaume watatu ninaowajua ambao wameacha kweli, wawili waliachia kanisani na mmoja alianzia wodini akamalizia kwenye vikundi vya wanaojitambulisha kwa jina moja na kusema wao ni walevi. Walichofanana ni kwamba kila mmoja alipata watu wa kukaa nao saa kumi na moja jioni. Saa hiyo ndiyo ngumu. Mke peke yake hawezi kuijaza, na mtoto mchanga hawezi kabisa. Mtoto mchanga saa hiyo analia.

Tatu ni kalenda. Hapa ndipo msusi wangu alinizidi akili.

Mimi nilimwambia habari ya miezi 3 ya mbegu. Aliitafakari akisuka mistari mitatu kimya. Kisha akasema miezi 3 ni ya mbegu, si ya mtu. "Mume wangu ameshaacha miezi mitatu. Mara mbili. Aliacha Kwaresima, aliacha akiwa na vidonda vya tumbo. Tatizo lake siyo Machi, dada. Tatizo lake ni Desemba."

Asiyejua uchaggani hawezi kuelewa sentensi hiyo. Mumewe ni wa Marangu. Desemba Wachagga wanapanda milima kama maji yanayorudi juu. Mabasi yanajaa, nyumba zilizofungwa mwaka mzima zinafunguliwa, mbuzi wanachinjwa, na kila boma lina ndoo ya mbege inayokusubiri. Kata inapita mkono kwa mkono. Mzee akikupa ukaikataa, hujakataa pombe, umemkataa yeye na waliomzaa. Mwanamume aliyekaa mkavu kuanzia Machi hadi Novemba kwenye chumba chake Dar es Salaam hajafanya mtihani bado. Alikuwa anafanya mazoezi.

Basi walikaa wakaandikiana. Naona raha kuisimulia: mume, mke, na karatasi ya daftari la madeni la saluni. Ataanza hospitali, na mke ataingia naye. Mbegu zitapimwa. Hela ya grosari itaingia kwenye simu ya mke kila Ijumaa, na mke atanunua foliki. Kijiti kitakaa hadi Desemba ipite. Ikipita salama, kitatoka Januari. Kitu hicho kikitoka uwezo wa kushika mimba hurudi haraka, hakuna haja ya kuwahi. Isipopita salama, atakwenda kuweka kingine, na mama mkwe ataambiwa na mwanawe mwenyewe, kwa mdomo wake, kwa nini.

Hiyo ya mwisho ndiyo iliyonishinda kuamini. Alisaini.

Kuna mwanamke anasoma hapa ana miaka 38, naye ananiuliza kwa uchungu Desemba ngapi anazo. Swali lake ni la haki. Uwezo wa kuzaa hupungua, na baada ya 35 hupungua kwa kasi. Kalenda haimsubiri mlevi apone. Kwake sina karatasi ya daftari. Nitamwambia tu kwamba mara nyingi tunahesabu miaka iliyobaki ya kuzaa na kusahau kwamba ni ile ile iliyobaki ya kuondoka, na kwamba kumtaka mtoto na kumtaka mwanamume huyu kuwa baba yake ni maombi mawili, yanaweza kujibiwa tofauti. Wapo waliochagua kuzaa wakijua watalea peke yao, wakajiandaa hivyo tangu siku ya kwanza, kwa akiba na kwa dada zao. Nawaelewa kuliko yule anayezaa akitegemea muujiza. Na aliye na mimba tayari, huyo asisome makala hii kama hukumu. Aanze kliniki mapema, asinywe, aseme ukweli kwa nesi, amtafutie mtoto mtu mzima mmoja mwingine wa kuaminika, hata kama ni jirani. Sheria ya kazi inampa baba siku 3 za likizo mtoto akizaliwa. Asizipigie hesabu.

Tarehe 27 Desemba nilipata ujumbe kutoka Marangu. "Leo mzee ameleta kata. Mama mkwe ameidaka kabla haijamfikia mwanawe, akampa jirani. Mume wangu amekunywa soda. Bado siku nne." Niliusoma mara mbili. Yule yule mama wa "atatulia", amekaa kwenye kigoda, mkono wake umewahi.

Jumamosi iliyopita nilirudi saluni. Nywele zilikuwa zimechoka, lakini ukweli ni kwamba nilitaka kujua. Akanikalisha, akaanza kufumua bila kusema. Nikasubiri. Alipofika kisogoni akasema usiku wa tarehe 30 mumewe alikunywa. Kata mbili, msibani kwa jirani. Asubuhi alimwamsha yeye, kabla hajanusa chochote, akamwambia. Alilia. Tarehe 31 hakunywa, tarehe 1 hakunywa, na tangu warudi hajanywa, amekwenda kwa daktari wake Jumatano.

"Sasa?" nikauliza. "Unahesabu upya, au unaendelea ulipoishia?"

Kwenye kioo mkono wake wa kulia ulikwenda juu ya kiwiko cha kushoto, ukakaa hapo kidogo.

"Dada," akasema, "inamisha kichwa."